Kichuguu Kina Mwenyewe

Ukienda kupanga shule ya kijijini, beba kiti chako. Nalitanguliza hili kwa sababu mengine mtafundishwa huko mnakosoma, na hili halimo. Mgeni akifika shuleni hupewa kiti, na mgeni mwenye adabu hukikalia. Kiti hicho ni cha mwalimu, na mara nyingi ndicho pekee. Basi wewe umekaa unauliza shule imepungukiwa nini, mwalimu amesimama mbele yako anatafuta la kusema, na darasa zima linamtazama mtu aliyekalia jibu.

Mimi nilikuwa na kiti cha mbao cha kukunja. Baba alinitengenezea nilipopata kazi. Alikuwa seremala hapa Kampemba, mtaa wa Lubumbashi, mtoto wa watu wa Maniema, na aliamini kwamba mwanamke anayekwenda kufanya kazi na mafundi wa ujenzi asingojee wanaume wamwinukie. Kiti hicho kimezunguka nami barabara ya Kasenga, ya Kipushi, na njia nyingine ambazo hazina jina kwa sababu mvua huzihamisha. Sasa kiko barazani kwangu. Ninyi vijana mkija kuniuliza habari za kazi mnakikalia bila kujua, na kinawavumilia.

Kazi yangu ilikuwa kupanga shule za msingi za serikali zilizo nje ya mji: hii ipate madarasa, ile ipate vyoo, ile nyingine iachwe ianguke yenyewe halafu tuanze upya. Jina langu ni Zaina, lakini vijijini waliniita Mama Plan, na baada ya muda hata nyumbani wakaanza. Nitawasimulia kwa Kiswahili cha vitabu alichonifundisha baba. Ila watu wa vijijini wakisema, nitawaacha waseme Kiswahili chetu. Nikiwasahihisha watanigombeza, na wengi wao bado wako hai.

La pili: usiulize, "Mnahitaji nini?" Nilipokuwa mgeni kazini niliuliza hivyo kila mahali, na kila mahali nilijibiwa, "Biro ya direkta." Yaani ofisi ya mwalimu mkuu. Hiyo ni kwa sababu niliuliza mbele ya direkta mwenyewe. Shule moja ya upande wa Kipushi iliomba ukuta na lango, na kilichopatikana kikatosha lango. Tukalijenga zuri, la chuma, rangi ya bluu, likasimama peke yake katikati ya majani. Ukuta ulikuwa wa mwaka ujao. Nilipopita tena baadaye nilikuta lango limefungwa kwa kufuli na mwalimu wa zamu anawaadhibu watoto waliochelewa kwa kuwafungia nje. Walikuwa wamesimama mbele ya lango, kulia kwao hakuna kitu, kushoto hakuna kitu, wakingoja kufunguliwa. Sijawahi kuona nidhamu kama ile.

Tangu hapo nikawa nauliza, "Mvua ikinyesha, watoto wanakimbilia wapi?" Swali hilo direkta hawezi kulijibu kwa kusema biro.

Na vyoo. Karatasini choo ni mstatili mdogo unaoweza kuuweka popote. Choo changu cha kwanza nilikiweka vizuri sana, mbali na kisima, upepo ukipeleka harufu porini. Milango niliielekeza kwa chef, mkuu wa kijiji, ambaye hukaa nje ya nyumba yake toka asubuhi akisalimiwa na wapita njia. Watoto wa kike walikitazama choo kile mwaka mzima. Hakuna msichana atakayeingia chooni huku chef anamtazama, halafu atoke amsalimie. Tulikuja kugeuza milango, na chef akalalamika kwamba serikali imempa mgongo.

Aliyenifundisha kazi hakuwa ofisini. Alikuwa Muzee Ngoie, fundi mwashi, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini ya Katanga, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili na kutukana siku nyingine zote. Kabla ya tofali la kwanza alifanya ishara ya msalaba, kisha akanigeukia: "Na weye sema yako." Nami nikasema Bismillahi. Ukuta ukisimama sawa, kila mmoja alijua umesimama kwa nani, na hatukubishana.

Muzee Ngoie alinifundisha kusoma udongo kwa mkono. Unauloweka kidogo, unaufinyanga uwe kama mpira, unauangusha kutoka kiunoni. Ukitawanyika, ni mchanga, wapelekee kuku. Ukibaki kama ulivyo, una mafuta mno, utapasuka juani. Ukibonyea na kupasuka kidogo pembeni, hapo sasa mzungumze. Tofali lililoiva unaligonga kwa lingine na kulisikiliza. Likilia kama chuma, limeiva. Likisema "bu", lirudishe kwenye tanuru, au mpe mtu usiyempenda.

Na alisema neno moja ambalo nililiitikia miaka mingi bila kulielewa. "Mama Plan, udongo yote iko na mwenyewe." Mimi nilidhani anazungumzia hati za kiwanja. Hati nilikuwa nazo kila mara, nilikuwa makini sana kwa hati.

Sasa niwapeleke Katolo. Jina si hilo, lakini wenyewe watajijua. Ni kijiji cha ndani, unaiacha barabara ya Kasenga na kuingia porini katikati ya watu wa makala, wachoma mkaa, na mashamba ya mihogo. Shule yao ilikuwa na jengo moja la matofali lenye madarasa ya wakubwa. Darasa la kwanza na la pili walisomea chini ya paa la nyasi juu ya miti, bila kuta, na upepo wa mvua ulikuwa umeshaling'oa paa hilo zaidi ya mara moja.

Nilipouliza swali langu, mvua ikinyesha watoto wanakimbilia wapi, direkta Kalenga alijibu bila kufikiri. "Kwabo." Yaani nyumbani. Mawingu yakikusanyika upande wa Luapula, mwalimu alipiga kengele na wadogo wakaondoka mbio. Na ninyi mnajua mvua zetu, zikianza hazina haya, zinanyesha karibu mwaka mzima wa shule. Darasa la kwanza la Katolo lilikuwa likisoma kati ya mvua na mvua. Watoto wengi walirudia darasa, wakarudia tena, kisha baba akasema basi, njoo unisaidie makala. Direkta alinionyesha mtoto mmoja, Chola, aliyekuwa ameanza kuwa mrefu kuliko wenzake. Alikuwa darasa la kwanza kwa mara ya tatu.

"Ni mugumu wa kichwa?" nikauliza.

"Hapana," direkta akasema. "Ni mvua."

Nilikasirika siku hiyo, nawaambia wazi. Mtoto ana akili zake timamu, mwalimu yupo, chaki ipo, na anashindwa kwa sababu ya nyasi. Nikasema moyoni kwamba Katolo itapata madarasa hata kama nitayabeba kichwani. Ofisini nikagombana na kila mtu mpaka wafadhili wakakubali: wao watatoa mabati, mbao na simenti, kijiji kitatoa matofali yaliyochomwa. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya kazi wakati wetu. Sharti lilikuwa moja tu: matofali yawe tayari kabla mvua hazijarudi.

Udongo wa Katolo, bahati mbaya, ni mchanga. Nilifinyanga mpira wa Muzee Ngoie pande zote za kijiji na kila pembe ulitawanyika. Udongo mzuri ulikuwa mahali pamoja, katikati ya uwanja wa shule: kichuguu. Msifikirie kile kidogo cha kukwaa mguu. Vichuguu vya kwetu huku mnavijua, kile kilikuwa kirefu kuliko nyumba, kimeota miti juu, na saa za mapumziko watoto wa darasa la pili walikaa mteremkoni pake kama watu wa kanisani. Tena kilikuwa kimekalia pale pale panapofaa madarasa mapya, maana chini yake ardhi inateremka kwenda kwenye dambo, bonde la nyasi, na mvua zikija panakuwa ziwa.

Mpango ukajipanga wenyewe. Tunakivunja kichuguu, tunapata udongo wa matofali na kiwanja kwa mkono mmoja. Nilichora vizuri sana. Mkuu wangu ofisini aliutazama mchoro akasema hajawahi kuona mpango unaojilisha hivi.

Tukaitisha mkutano. Chef alikuja, wazazi walikuja, akina mama walikaa upande wao na mimi na kiti changu katikati yao. Nikaeleza kila kitu. Nikauliza, "Munataka masomo mupya kwa batoto?" Masomo kwetu ni shule. Mikono yote ikainuka. "Tutachimba kichuguu?" Chef akasema ndiyo, wazazi wakasema ndiyo, mama mzee aliyekuwa pembeni yangu naye akasema ndiyo. Wakapiga makofi. Nikarudi Lubumbashi nikiwa na furaha, nikala samaki njiani.

Nilipokwenda kuangalia, hakuna jembe lililogusa kichuguu. Kulikuwa na matanga. Nikawapa pole. Nilipokwenda tena, watu walikuwa wanalima. Mara nyingine chef alikuwa mgonjwa, na haifai watu kuchimba chef akiwa amelala. Mara nyingine chef alikuwa amepona, na watu walikuwa wamechoka kwa kumshangilia. Kila nikifika nilipokelewa vizuri, nikapewa kuku, nikaambiwa, "Kesho, Mama Plan." Kiangazi kikaisha. Mvua zikaja, paa la nyasi likaenda zake, na Chola akarudi nyumbani na herufi moja tu aliyoijua.

Hapa nawapa somo la bure. Kijiji kikikataa mpango, shukuru Mungu, watakwambia sababu na mtapatana. Kijiji kikisema ndiyo na kisije, mpango wako una ugonjwa na wao wanaona aibu kukutajia.

Wafadhili hawakuona aibu. Walisema kiangazi kinachofuata kikiisha bila matofali, mabati na simenti vitapelekwa shule nyingine, na walishaichagua. Nikapanda gari kwenda Katolo nikiwa nachemka. Nilimkuta direkta Kalenga anafunga paa la nyasi kwa kamba, yuko juu ya ngazi, na nikamsemea huko huko juu.

"Direkta, munanidanganya. Kama hamutaki, museme."

"Tunataka, Mama Plan."

"Basi juu ya nini hamuchimbe?"

Akashuka. Akakung'uta nyasi kwenye suruali taratibu sana, akatazama kama kuna mtu anasikia. "Kichuguu iko na mwenyewe," akasema.

"Nani?"

"Kambo Mwansa. Ku mukutano alikuwa pembeni yako."

Kambo kwetu ni bibi; alikuwa anamtaja yule mama mzee. "Yeye pia alisema ndiyo."

"Sasa aseme nini? Mbele ya bantu yote?"

"Na weye, juu ya nini haukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Haukuuliza," akasema. Kisha akaona labda ameniumiza, akaongeza: "Kusema kintu ya muntu mbele yake, haiko muzuri."

Ninyi wa mjini labda mmesahau, kwa hiyo niwakumbushe. Mvua ya kwanza ikipiga, kumbikumbi wanatoka kwenye kichuguu na mabawa yao. Sisi tunawaita nswa. Mwenye kichuguu hukifunika kwa majani, huchimba kashimo pembeni, na nswa wanatumbukia humo kwa beseni na beseni. Wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, wanaliwa, wanakaushwa, wanauzwa mpaka sokoni hapa Kampemba. Kwa hiyo kichuguu kikubwa hakiko tu, kinarithiwa kama shamba. Kile cha Katolo alikiacha marehemu mume wa Kambo Mwansa, kabla shule haijajengwa. Shule ndiyo iliyokuja kujenga uani kwake. Kwa nswa wale alikuwa amelea watoto wake na sasa alikuwa akilea wajukuu. Na kijiji kizima kilikuwa kimeinua mikono mbele yake kukubali tukivunje.

Nilirudi mjini nikaenda moja kwa moja kwa Muzee Ngoie. Alikuwa ameshastaafu, anakaa si mbali na kwetu, miguu imevimba, ulimi bado. Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nilikuambia nini? Udongo yote iko na mwenyewe."

"Nilifikiri unasema hati."

"Hati," akasema, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Enda kwake peke yako. Beba chumvi. Na ufunge kinywa."

"Niende kumuomba, halafu nifunge kinywa?"

"Njo vile banaombaka." Yaani, ndivyo watu wanavyoomba.

Nikanunua chumvi. Niliamka mapema nikaenda, peke yangu kama alivyosema. Nikafika kwa Kambo Mwansa, nikasalimia kwa kupiga makofi kama inavyotakiwa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa mazoea, nikafungua kiti changu nikakaa.

Kambo akakitazama kile kiti. Alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi sana, macho madogo yasiyo na haraka. "Kwangu," akasema, "hakuna kiti?"

Wanangu, nilitamani ardhi inimeze na karatasi zangu zote. Nilikikunja haraka, nikakipeleka nje ya ua, nikarudi nimesimama. Alinitazama nikisimama kwa muda wa kutosha kabisa. Kisha akavuta kigoda chake cha jikoni, kifupi, kina mguu mmoja mbovu, akakisukuma kwangu. Nikakaa, nikakishika kisianguke, na nikafunga kinywa.

Alionja chumvi kwa ncha ya kidole. Akamenya mihogo. Kuku walipita, jirani akapita akatuona akajifanya hajatuona. Mwishowe Kambo akasema mwenyewe, macho yakiwa kwenye mihogo.

"Mulikuya na bantu mingi. Mukauliza, munataka masomo? Nani atasema hapana? Nilinyanyua mukono. Kichuguu, hakuna muntu mwenye aliniuliza."

"Ni kweli, Kambo."

"Sasa uniulize."

Nikamuuliza. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

Akaweka kisu chini. "Ukichimba yote, nswa itaenda wapi?"

Katika mpango wangu kulikuwa na nafasi ya mabati, mbao, misumari, maji, usafiri, na zisizotarajiwa. Nswa hawakuwemo. Nikamwambia sijui. Nadhani hilo ndilo jibu pekee la siku ile ambalo halikumkera.

Akainuka, akachukua jembe, akatembea kwenda shuleni nami nikimfuata. Ilikuwa saa ya masomo. Madarasa yalituona tukipita na vichwa vyote vikageuka. Kambo akakizunguka kichuguu polepole, akipiga piga udongo kwa mpini. Upande unaotazama nyumba yake alisimama. "Nswa banatokeaka huku." Akazunguka upande wa pili, ule wa jengo la zamani. "Huku banatokaka kidogo." Kisha akapanda kidogo, akashika jembe kwa mikono miwili, akakwaruza mstari toka juu hadi chini, mstari mrefu usionyooka.

"Huku mukamate. Huku muache," akasema. "Kama jembe inapita hapa, mutaniona."

Nikamwambia asante. Akaniambia ningoje. Akatazama chini ya paa la nyasi ambako wadogo walikuwa wametukodolea macho, akaonyesha kwa kidevu yule mrefu wa nyuma. Ndipo nikajua Chola ni mtoto wa nani.

"Ule ni mujukuu yangu. Anajua A," Kambo akasema. "Mwaka ya kwanza, A. Mvua inanyesha, anarudia kwangu. Mwaka ya pili, A. Nikimutuma maji, anaenda anaimba A. Niko nataka nisikie ingine."

Hakutabasamu. Mimi pia sikutabasamu.

Ofisini mkuu wangu alipoona mchoro mpya alidhani kahawa imemwagika. Madarasa yalikuwa yamegeuzwa, yamejibana ubavuni mwa nusu duara. Akauliza hii ni nini. Nikasema kichuguu. Akasema shule ya kisasa haiwezi kuwa na kichuguu. Nikaenda nikaandika pale, kwa Kifaransa kizuri, kwamba hiyo ni akiba ya udongo kwa matengenezo ya baadaye. Hakuna aliyeuliza tena. Nyaraka zinasema mpaka leo kwamba Katolo ina akiba hiyo, na wageni wakienda huonyeshwa kwa heshima.

Kiangazi kile hakukuwa na matanga, wala chef hakuugua. Siku ya kwanza ya kuchimba watu walikuwa uwanjani kabla sijashuka kwenye gari. Habari ilikuwa imewafikia kwamba mwenyewe ameulizwa, basi. Udongo wa kichuguu una mafuta, ukiufyatua peke yake tofali linapasuka juani, kwa hiyo tulichanganya na mchanga wa Katolo, ambao Mungu aliutoa kwa wingi, na matofali mabichi tuliyafunika kwa majani yakauke taratibu. Watu wa makala ndio walioshika moto wa tanuru. Walijua kuficha moto ndani ya udongo kuliko fundi yeyote niliyemlipa maishani. Kambo Mwansa alikaa kwenye mstari wake na jembe magotini, kila siku, mpaka udongo ulipotosha. Fundi mmoja alijaribu kumchokoza kwamba nswa hawajui kusoma mstari. Akamwambia ndiyo sababu amekaa pale.

Matofali yalipopoa, direkta Kalenga aligonga mawili karibu na sikio langu. Yalilia kama chuma. Mabati yakaja Katolo. Ile shule nyingine waliyokuwa wameichagua niliipigania mwaka uliofuata, lakini hiyo ni kazi nyingine na hasira nyingine.

Ninyi sasa mna vile vidude vinavyoruka na kupiga picha kutoka juu. Mlinionyesha juzi hapa barazani, mkaniletea Katolo yenyewe kwenye kioo. Nimekiona kichuguu, nusu yake, na kivuli chake. Picha nzuri. Mstari wa Kambo haukuonekana.

Nilikwenda kukagua paa mvua za kwanza zilipofika. Ndiyo desturi yangu: jengo silikagui jua likiwaka. Nilikaa nyuma ya darasa la kwanza, kwenye kiti changu, nikitafuta panapovuja. Mvua ikapiga. Hapakuvuja. Lakini mabati yalipiga kelele mpaka mwalimu akabaki anafungua na kufunga mdomo bila kusikika. Tulikuwa tumepanga wasilowe, hatukupanga wasikie. Mwalimu akaacha kusema, akawa anaandika tu ubaoni na watoto wanaandika nyuma yake. Hakuna aliyekimbia nyumbani. Nililia kidogo, na kwa ajili ya kelele hakuna aliyenisikia.

Mvua ikakatika ghafla, jua likatoka. Na kichuguu kikafunguka. Nusu iliyobaki ilikuwa imetutazama madirishani, na madirisha hayakuwa na mbao bado, seremala alikuwa na matanga. Nswa waliingia darasani kama moshi. Wakajaa ubaoni, kwenye nywele, kwenye daftari. Watoto wakapanda juu ya mabenchi. Mwalimu akapiga fimbo mezani, nusu ya darasa wakiwa tayari wanatafuna.

Ndipo Kambo Mwansa akatokea mlangoni na beseni. Sidhani alikuwa amewahi kuingia darasani maishani mwake. Watoto walikuwa wamefundishwa kwamba mgeni akiingia wasimame, basi wakasimama, wengine juu ya mabenchi, wakaimba wote pamoja, "Bonjour, Mama."

"Mukae," akasema. "Niko nafwata byangu tu."

Akaanza kuokota, taratibu, toka mlangoni, mstari kwa mstari, watoto wakiinua miguu apite. Alipofika kwa Chola akasimama. Beseni lilikuwa karibu kujaa. Akatazama ubao, kile kilichobaki kuonekana katikati ya mabawa, akatazama kwa muda.

"Ile," akamuuliza mjukuu wake, "njo B?"

"Hapana, Kambo," Chola akasema. "B ilisha kupita."

Niliinuka nikampelekea Kambo kiti changu, na safari hii hakuuliza kitu, akakaa. Mwalimu akafuta mabawa ubaoni, akaendelea. Beseni lilikuwa limeinama magotini kwa Kambo, na nswa wakawa wanatoka mmoja mmoja, wakipanda kitenge chake na kurudi dirishani, na yeye, macho ubaoni, akawaacha waende.